Waya, Mnara na Kondoo Mmoja

Jioni katika vijiji vya Manyoni, ng'ombe na mbuzi wanaporudi malishoni, mfugaji husimama langoni mwa zizi akahesabu. Hata awe amechoka namna gani, hafungi lango kabla hesabu haijatimia. Bwana Yesu aliposimulia habari za kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia, wasikilizaji wake walilijua jambo hilo. Asiyehesabu hawezi kujua nani amepotea, na asiyepata habari hawezi kuhesabu. Wapendwa, kwa jicho la mfugaji huyo nawaalika tuitazame historia ya serikali na njia za mawasiliano katika nchi yetu, kuanzia waya wa telegrafu hadi intaneti.

Historia hiyo imepita mlangoni kwetu. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njiani ikapita hapa Manyoni. Treni ilibeba askari na mizigo. Waya wa telegrafu ulibeba amri. Zamani barua kutoka pwani hadi boma la Kilimatinde ilisafiri kwa miguu ya watu kwa majuma mengi. Kwa waya, neno la mtawala lilifika siku hiyo hiyo. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa lolote kuhusu waya huo. Ulikuwa mali ya utawala, kama bunduki na gereza.

Vita vilipoanza mwaka 1914, thamani ya mawasiliano ilionekana wazi. Agosti 8 mwaka huo, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na shabaha yake ilikuwa mnara wa redio. Atakaye kumdhoofisha adui, kwanza humziba masikio na mdomo. Somo hilo watawala hawajalisahau. Kilichobadilika baadaye ni kwamba lilianza kutumika pia kwa raia wa nyumbani.

Baada ya Uhuru, serikali yetu iliirithi redio na kuiona kama chombo cha kujenga taifa. Mwaka 1965 utangazaji uliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Tusiwe watovu wa shukrani. Kwa redio hiyo wazee wetu walifundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Kiswahili kikazidi kuwa lugha ya nyumba zote. Lakini ilikuwa sauti moja, iliyotoka juu kwenda chini. Aliyekuwa chini hakuwa na pa kujibia.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara bila kibali. Hoja ya kuokoa fedha za kigeni ilikuwa na uzito, kwa kuwa nchi ilikuwa maskini na vitu hivyo vingewafaa wachache. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka hiyo ya 1970. Bara tulingoja hadi 1994, na vituo vya kwanza vikawa vya watu binafsi. Kwa muda mrefu uamuzi wa nini kiingie nyumbani kwa raia ulikuwa wa serikali peke yake.

Kisha ikaja intaneti, nayo haikuingia kwa mlango uliozoeleka. Mwaka 2003 iliundwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mwaka 2009 waya wa kwanza wa chini ya bahari, SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Serikali iliyokuwa imezuia kompyuta sasa ilikuwa ikichimba mitaro ili ifike kila wilaya. Leo kodi, vitambulisho, maombi ya ajira na ya vyuo hupita humo.

Lakini mkono uliochimba mtaro ulishika pia ufunguo. Mwaka 2015 ilikuja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, sawa na ng'ombe kadhaa kwa mtu wa kwetu. Kufikia Januari 2020 laini za simu zilitakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole. Na mwezi Oktoba mwaka huo, wakati wa uchaguzi, Twitter na WhatsApp zikawa hazipatikani kwa njia ya kawaida.

Tuwe wa haki: hofu ya watawala si ya bure. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwachochea watu wawaue jirani zao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, ujumbe wa chuki ulisambaa kwa simu za mkononi. Na hapa kwetu nani hajapokea ule ujumbe wa tapeli, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Kumkamata mwongo na mchochezi ni kazi halali ya serikali. Mungu ameipa upanga kwa ajili hiyo.

Lakini kumkamata mwizi mmoja na kuzima taa za mji mzima ni mambo mawili tofauti. Jirani zetu wa Kongo walizimiwa intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, na Waganda Januari 2021. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, ghasia zilizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilianza kurejea Novemba 3, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma.

Katika siku hizo watu walikufa. Ni wangapi? Serikali, wapinzani na watetezi wa haki za binadamu walitofautiana sana, na baadaye Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ichunguze. Hapa ndipo namkumbuka mfugaji wa Manyoni. Gharama kubwa ya kuzima mtandao haikuwa biashara iliyosimama. Ilikuwa hesabu iliyopotea. Mzazi mwenye mtoto mjini alibaki na simu ya kawaida tu, na asiyempata hakujua kama ni chaji imeisha au ni uhai. Giza lililowaficha waliofanya vurugu liliwaficha pia waliouawa bila hatia, na hata serikali yenyewe ilipotaka kuaminiwa, ilikosa mashahidi.

Biblia inamjua mtawala wa namna hiyo. Katika sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia, mfalme Yehoyakimu alisomewa gombo la nabii karibu na moto. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa chache, alizikata kwa kisu akazitupa motoni hadi gombo lote likateketea. Yeremia alichukua gombo jingine, Baruku akaandika tena yale yote, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Mfalme alikuwa ameharibu ngozi na wino tu. Hatari iliyoandikwa humo ilibaki njiani ikija, naye alikuwa ameukataa msaada wa kuijua mapema.

Basi sisi waumini tuna deni mbili. Ya kwanza ni kutosambaza uongo, maana kila picha ya uzushi tunayoituma humpa mwenye ufunguo sababu ya kufunga. Ya pili ni kuwaambia viongozi wetu, kwa heshima na bila woga, kwamba raia wasiosikika hawawezi kuchungwa. Tunawaombea kila Jumapili, na sala hiyo haituzuii kusema nao. Mfugaji anapoona giza linaingia na mmoja hayupo, huwasha taa, akaita jina lake na kusikiliza kama atajibu.