Wimbo Mpya wa Mwimbaji Mzee

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema kwamba ya kale ni dhahabu. Ya pili yasema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wewe msomaji, kwa kuwa u kijana, yamkini waipenda ya pili, na mzazi wako aipenda ya kwanza. Lakini liko jambo moja linalozikutanisha methali hizi na kuzitia ugomvini. Jambo hilo hutokea pale waimbaji waliopendwa tangu ujana wao wanapotoa wimbo mpya katika uzee wao. Wimbo ni mpya, waimbaji ni wa kale. Wapenzi wao wa siku nyingi watautia katika mizani gani? Nataka tulitazame swali hili kwa njia ya historia, na mfano wetu tuuchukue hapa hapa kwetu, Kakamega na ujirani wake.

Gitaa si chombo cha asili cha Waluhya. Wazee wetu walikuwa na ala zao za nyuzi, kama litungu la Wabukusu. Gitaa lilienea zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vilivyokwisha mwaka wa 1945, wakati askari waliporudi makwao na vijana walipokwenda mijini kutafuta kazi. Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey alizinasa nyimbo za Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville huko Kongo, ambao leo waitwa Likasi. Sahani za Bosco zilifika Afrika Mashariki, na vijana wengi wakajitahidi kupiga kama yeye, kidole gumba kikishika nyuzi nene na kidole cha shahada kikicheza juu ya nyuzi nyembamba. Katika nchi ya Waluhya ufundi wa namna hiyo ulichanganyika na midundo ya nyumbani, ukawa mtindo uitwao omutibo. Bingwa wake aliyetajwa kuliko wote alikuwa George Mukabi, mtu wa Kisa, ambaye wimbo wake "Sengula Nakupenda" wajulikana hata leo. Mukabi alifariki mwaka wa 1963, angali kijana.

Katika miaka hiyo ya 1960 walitokea Bunyore vijana watatu: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Bunyore leo imo katika Kaunti ya Vihiga, lakini zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kakamega. Vijana hao walijiita Abana ba Nasery, yaani watoto wa shule ya chekechea. Tube na Osala walipiga magitaa. Okola aliikwaruza chupa ya Fanta, ile yenye mifuo, kwa kipande cha chuma, na chupa hiyo ikawa ndiyo ngoma yao. Sahani ya santuri ya siku hizo ilibeba wimbo wa kiasi cha dakika tatu upande mmoja. Kwa hiyo mwimbaji alilazimika kuanza, kusema neno lake, na kunyamaza kabla sindano haijafika mwisho. Baadaye Tube na wenzake walishika magitaa ya umeme pia, wakajulikana kwa jina la Super Bunyore Band.

Miaka ikapita. Mwaka wa 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya baadhi ya nyimbo zao za zamani na kuzitoa upya. Wageni wa mbali wakashangaa kusikia uzuri uliokuwa umelala. Ndipo mwaka wa 1992 ikatoka kazi yao mpya, iitwayo "Nursery Boys Go Ahead!", na ndani yake wanamuziki wa Uingereza walialikwa kuongeza ala zao katika baadhi ya nyimbo. Wale watoto wa chekechea sasa walikuwa watu wazima wa makamo, na kwa mara nyingine walisimama mbele ya wapenzi wao, wahukumiwe.

Nitakusimulia hukumu moja niliyoishuhudia kwa macho yangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na sanduku la mbao lililojaa santuri za ujana wake, ingawa gramafoni yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alikuja kutoka Nairobi na kanda ya kazi ile mpya. Babu alisikiliza nusu ya wimbo, akaomba redio izimwe. Alisema hao si wale. Mjomba alinyamaza, maana kwetu mtoto habishani na baba yake mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilirudi nyumbani likizo nikiwa na ule mkusanyo wa 1989. Niliuchagua wimbo mmoja ambao hakuwa nao sandukuni, nikaupiga bila kumwambia kitu. Babu akatikisa kichwa. Akasema kwamba waimbaji hawa wa sasa wanajitahidi, lakini wale wa zamani hawakuwa hivyo. Nikamjulisha kwa adabu kwamba wimbo ule ulipigwa na wale wale, katika miaka ile ile aliyoisifu. Babu alikaa kimya kitambo, kisha akacheka, akaniomba niurudie. Jioni ile tuliurudia mara nne, na mara ya nne aligonga mguu wa kiti kwa kijiko.

Simkejeli babu yangu kwa habari hii. Nimeitaja kwa sababu kosa lake ni kosa letu sote, na wewe pia utalifanya utakapozeeka. Alipousikia wimbo wa sandukuni, hakuusikia wimbo peke yake. Alisikia pia miguu ya wenzake wakicheza uani, na sauti ya bibi yangu alipokuwa msichana. Wimbo usiofuatana na mambo hayo, uwe wa jana au wa miaka hamsini, ulionekana kwake kuwa na upungufu.

Liko na kosa la pili, nalo lamhusu kila asomaye historia. Nyimbo za zamani tunazozikumbuka si nyimbo zote zilizoimbwa zamani. Zilizokuwa dhaifu zilisahauliwa, sahani zake zikavunjika, na hakuna aliyelia. Zilizobaki ni zile zilizochujwa na miaka. Basi, mtu anapoipima kazi mpya nzima, mbivu na mbichi pamoja, dhidi ya zile chache zilizochujwa, anashindanisha gunia la mahindi yasiyopepetwa na kibaba cha mahindi yaliyochaguliwa. Mizani hiyo si ya haki.

Wala usidhani kwamba mashaka haya ni ya Bunyore tu. Bendi ya Rolling Stones ilianzishwa London mwaka wa 1962, karibu wakati mmoja na vijana wetu. Mwaka wa 2023, Mick Jagger akiwa na miaka 80, walitoa "Hackney Diamonds", kazi yao ya kwanza ya nyimbo mpya za kutunga wenyewe tangu 2005. Hapa Kenya, bendi ya jeshi iitwayo Maroon Commandos, iliyoanza mwaka wa 1970 na kupata sifa kubwa kwa "Charonyi ni Wasi" mwaka wa 1977, ilitoa "Shika Kamba" mwaka wa 2007. Mwimbaji mzee yeyote hukutana na malango mawili. Akiimba kama zamani, huambiwa kwamba anajirudia. Akibadili, huambiwa kwamba amepotea. Aende wapi?

Sasa mrudie George Mukabi. Yeye hakuna anayemlaumu kwa sauti iliyokauka au kwa ala za kigeni, kwa kuwa kifo kilimzuia asizeeke. Amebaki kijana milele katika masikio yetu. Shem Tube na wenzake waliishi, na kwa kuwa waliishi walipimwa. Tukiwasifu tu wale waliokatizwa, na kuwachoka wale waliodumu, tutakuwa tumeufanya uhai kuwa kosa.

Hasara yake si ndogo. Karibu na kwetu alikuwapo mzee mpiga gitaa, ambaye sitamtaja jina. Kila alipoalikwa arusini au matangani, watu walimtaka arudie nyimbo tatu zile zile za ujana wake. Akianza wimbo mpya, wazee wenzake walipiga kelele wakidai ule wa zamani. Mwisho akaacha kuimba mpya mbele ya watu. Aliziimba nyumbani, jioni, kwa wajukuu. Alipofariki, nyimbo zile tatu zilikuwa zimeenea tarafa nzima, lakini zile za uzeeni, zilizokuwa na fikira za mtu aliyeona mengi, hazikuwa zimenaswa na mtu yeyote. Wajukuu walikumbuka vipande tu. Hakuzuiwa na serikali wala na umaskini. Alizuiwa na waliompenda.

Hata hivyo, sikufundishi kusifu kila kitu chenye mvi. Ziko kazi za wazee zilizofanywa kwa haraka ya fedha, na kuzisifu ni kumdhihaki mtunzi aliyeweza kufanya vyema zaidi. Ninachokutaka ni haki. Usikilize wimbo mpya mara mbili kabla ya kusema, kwa maana hata ule wa zamani hukuupenda kwa kusikia mara moja. Ujiulize ni kitu gani kilichobadilika: je, ni sauti, ni ala, au ni wewe? Tena uulize kama wimbo huo una neno ambalo kijana asingeweza kulisema. Ukiwa nalo, basi uzee wa mwimbaji haukupunguza kitu, bali umeongeza.

Na kama nyumbani kwenu yuko mzee apigaye gitaa au litungu, usimwombe tu ule wimbo wa siku zote. Mwombe pia ule alioutunga mwaka huu, na uwe na kitu cha kuunasia.