Lakiri ya kifaa

Katika komuni ya Mangobo, mjini Kisangani, simu hushikwa na wengi. Umeme ukikatika inapelekwa kibandani kuchajiwa; kioo kikipasuka inaachwa kwa fundi. Mwenyewe akirudishiwa, atajuaje kama imechokonolewa?

Kitu kinachojibu swali hilo Waingereza hukipa sifa ya tamper-evident. Kifaransa, lugha ya shule mjini humo, huiita pete ya kizibo cha chupa ya maji bague d'inviolabilité, kana kwamba chupa haifunguki. Pete ile haimzuii mtu. Hukatika tu, mnunuzi akaona. Kwa hiyo kuitafsiri sifa hiyo kuwa “kinga” kunapotosha. Tunayo lakiri, nta ya kufungia bahasha rasmi, ambayo ikivunjwa huacha alama. Napendekeza lakiri iwe jina la kitu chenyewe, na sifa yake iwe “-a kufichua uchokonozi”. Kinga ibaki kwa kile kinachozuia.

Lakiri ya kompyuta yaweza kuwa verni ya kucha yenye chembe za kumetameta. Desemba 2013, kwenye kongamano la Chaos Computer Club mjini Hamburg, Eric Michaud na Ryan Lackey walieleza mbinu hiyo: paka tone juu ya skrubu, liache likauke, lipige picha kwa karibu. Chembe hukauka ovyo ovyo, na anayefungua kisha akapaka upya hawezi kuzirudisha zilivyokuwa. Picha ihifadhiwe kwenye kifaa kingine.

Ila skrubu si mlango pekee. Mei 2025, polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi na kuchukua vifaa vyao. Baada ya vifaa hivyo kurudishwa Julai, watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, waligundua programu ya upelelezi ya FlexiSPY, iliyopachikwa simu zikiwa bado mikononi mwa polisi. Verni isingefichua hilo.

Hapo kinga na lakiri husaidiana. Kabla ya kuacha simu, weka nywila ndefu, toa kadi ya kumbukumbu, kisha izime kabisa, maana iliyozimwa ni ngumu zaidi kupenya. Kibandani, tumia waya wa kuchajia tu, usiopitisha data. Na ukikuta lakiri imevunjika, usiandike nywila yoyote humo. Badilisha nywila za akaunti zako kwa kutumia kifaa kingine.