Neno "Yubile" na sauti ya furaha

Mara nyingi twasikia habari za yubile: yubile ya padre, ya masista, ya parokia. Tupeleleze neno hili limetoka wapi. Lina mizizi miwili.

Mzizi mmoja ni wa Waroma wa kale. Kwa Kilatini, iubilare ni kupaza sauti ya moyo bila kujizuia. Varro, mtaalamu wa lugha aliyekufa mwaka 27 kabla ya Kristu, aliandika kwamba kupaza sauti hivyo ni jambo la watu wa shamba. Kelele za watu wa mji zilikuwa na neno lake jingine. Basi, neno hili lilikuwa la wakulima.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria, hakulidharau. Alipoeleza Zaburi ya 33, aliwakumbusha watu wavunaji wa ngano na zabibu. Hao huanza wimbo kwa maneno. Furaha ikizidi, maneno huachwa, inabaki sauti tu. Hivi ndivyo moyo unavyotoa jambo usiloweza kulisema. Naye Mungu, asiyetosheka kwa maneno yetu, anastahili sauti hiyo kuliko wote. Tena, katika wimbo wa Aleluya wa zamani, sauti ndefu ya "a" ya mwisho iliitwa jubilus.

Mzizi wa pili ni wa Waebrania. Yobel ni pembe ya kondoo dume. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chaagiza pembe ipigwe katika mwaka wa 50: Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya umaskini arudi kwao huru, na shamba lililouzwa lirudi kwa jamaa yake. Neno hilo la pembe lilipoingia katika Kilatini, watu walilifananisha na iubilare, kwa kuwa yalikaribiana kwa sauti. Ndipo likawa iubilaeus, yaani yubile yetu.

Papa Bonifasi VIII alitangaza Mwaka Mtakatifu wa kwanza huko Roma mwaka 1300. Wa pili ulikuwa 1350. Mwaka 1470 Papa Paulo II aliagiza uwe kila miaka 25.

Na kwetu? Mama zetu hupiga vigelegele, navyo havina maneno. Wengine walidhani sauti hizo na ngoma hazifai kanisani. Lakini mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Majimbo ya Zaire, na waamini hucheza wakiimba Utukufu. Mkulima wa Varro angaliwaelewa mara moja.

Lakini tusisahau pembe. Katika Walawi, watu walikuwa na sababu ya kushangilia: mtumwa amerudi nyumbani, maskini ameona tena shamba la baba yake. Basi, parokia inapotengeneza yubile yake, pamoja na kutafuta ngoma na chakula, iulize pia: kati yetu, nani anangoja kurudishiwa kilicho chake? Akirudishiwa, vigelegele vitakuja vyenyewe.