Waliobeba na Waliobebwa



Ndugu wapendwa, kila tarehe 2 Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote, wenye makaburi na wasio na makaburi. Kwetu sisi wa Tanga, siku inayofuata ni ukumbusho wa jambo jingine. Tangu tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914 yalipiganwa hapa mapigano yanayojulikana hadi leo kama Vita vya Nyuki. Juma hili tutafakari pamoja juu ya mawe na vibao vinavyotunza historia hiyo, na juu ya majina yasiyoandikwa humo.

Meja Jenerali Aitken alileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Waliompinga walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki, yaliyochokozwa na risasi, yaliwashambulia watu. Waingereza walirudi melini wakiacha nyuma silaha nyingi, na zaidi ya watu wao 800 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kutoweka. Makaburi na kumbukumbu za mapigano hayo zingalipo Tanga.

Lakini vita havikuishia hapo. Viliendelea hadi Novemba 1918, vikazunguka nchi nzima. Mbung'o waliwaua punda na farasi, kwa hiyo risasi, unga na hata wagonjwa vilibebwa na binadamu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Kumbukumbu za Waingereza peke yao zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi si kwa risasi bali kwa njaa, homa na kuhara.

Wako wapi hao? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Ukumbusho wao mkubwa kwetu haukuchongwa katika jiwe: ni jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Twalitaja kila siku tukienda sokoni, wala hatuwakumbuki.

Jambo hili halikuanza mwaka 1914. Tuifuate pwani kuelekea kusini hadi Bagamoyo, mahali Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni mwaka 1868. Hapo mabaki ya David Livingstone yaliwekwa kanisani Februari 1874, na mnara wake waitwa Mnara wa Livingstone hata leo. Lakini maiti haitembei. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia, na Chuma, Susi na wenzao wakamchukua kwa miguu kwa miezi mingi, baadhi yao wakifia njiani. Majina ya Chuma na Susi twayajua. Ya wengi waliobeba pamoja nao, msafiri anayeutazama mnara ule hayajui.

Hatusemi kwamba vibao hivyo vinadanganya. Vinasema kweli, ila kwa sehemu, kwa maana aliyelipia jiwe ndiye aliyechagua la kuandika. Basi sehemu iliyobaki ni wajibu wetu. Familia nyingi za Tanga, Pangani na Muheza zingali na mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Parokia zetu kongwe zina vitabu vya ubatizo na vya marehemu, ambamo mtu aliyeitwa mpagazi tu na serikali aliandikwa kwa jina lake.

Twawasihi, ndugu, kabla ya tarehe 2 Novemba kaeni na wazee wenu, mwaulize majina hayo, myaandike katika daftari na kuyaleta pamoja na nia za Misa. Tutayasoma moja moja, hata kama Misa itachelewa kwisha.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.