Ukumbi wa Wembley na Safari ya Watu Wetu

Ni nadra katika mandir yetu kukuta familia isiyo na shangazi, mjomba au mtoto wa ndugu aliyehamia kaskazini-magharibi mwa jiji la London. Anayekwenda kuwazuru hupelekwa kwanza Neasden kwa ajili ya darshan, kisha barabara ya Ealing kununua viungo na sari. Akiwa njiani huliona jengo kubwa la zege, ambalo mbavu zake zimechomoza nje ya kuta. Hilo ndilo Wembley Arena, ukumbi wa michezo ya ndani uliotimiza miaka 90 mwaka 2024. Wengi hulipita pasipo kuuliza habari zake. Lakini historia ya ukumbi huo imefungamana na historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki tangu kabla msingi wake haujachimbwa. Kwa kuwa jarida hili la maadhimisho husomwa na waumini pamoja na majirani zetu wapendwa, tumeona inafaa kuisimulia hapa.

Maonyesho ya mwaka 1924

Mahali ulipo ukumbi leo palikuwa na ziwa la kuchimbwa. Ziwa hilo lilikuwa pambo la Maonyesho ya Himaya ya Uingereza, yaliyofunguliwa na Mfalme George wa Tano tarehe 23 Aprili 1924. Kila koloni lilipewa nafasi ya kuonyesha mazao na ufundi wake. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar nazo zilikuwa na mahali pao, na India ilijengewa jumba lililoiga majengo ya zama za Wamogoli. Kwa misimu miwili watu walifurika Wembley kuitazama himaya ikiwa imepangwa kama bidhaa dukani.

Si kila mtu aliyefurahia maonyesho hayo. Mwezi Julai mwaka uliotangulia, serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa waraka kuhusu Kenya, ule unaojulikana kwa jina la Devonshire. Waraka huo ulithibitisha kwamba ardhi ya nyanda za juu ingebaki mikononi mwa Wazungu peke yao. Katika Baraza la Kutunga Sheria, walowezi wa Kizungu walipewa viti 11 na Wahindi viti 5, ingawa Wahindi walikuwa wengi kuliko Wazungu. Waraka huohuo ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, ila haukumpa Mwafrika hata kiti kimoja, na Waafrika wa Kenya wakangoja hadi mwaka 1944 ndipo Eliud Mathu akaingia barazani. Habari hizo zilipofika India zilizusha hasira, na baadhi ya viongozi wa huko wakatoa wito wa kuyasusia Maonyesho ya Wembley. Hivyo jina la Wembley lilifika kwanza masikioni mwa wazee wetu likiwa limeambatana na suala la heshima: je, raia wa himaya moja wana haki moja?

Michezo iliyohamishwa

Maonyesho yalipofungwa mwaka 1925, majumba yake mengi yaliuzwa ili yabomolewe. Mmoja wa walionunua alikuwa Arthur Elvin, aliyekuwa ameanza kazi hapo kwa kuuza tumbaku kibandani. Kwa faida aliyoipata katika mabaki ya maonyesho aliweza kuuchukua uwanja mkubwa wa Wembley mwaka 1927. Baadaye akawaza kujenga, kando ya uwanja huo, jumba la kuogelea ambalo wakati wa baridi lingegeuzwa kuwa uwanja wa barafu.

Nafasi ilimjia kutokana na uamuzi uliofanywa kwingine. Michezo ya Himaya, ambayo leo tunaiita Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilikuwa imepangwa kufanyika mara ya pili mjini Johannesburg mwaka 1934. Ikahamishiwa London kwa sababu palikuwa na wasiwasi juu ya namna wanamichezo weusi na wenye asili ya Asia wangetendewa Afrika Kusini. Kwa hiyo ukumbi wa Wembley ulipata tukio lake kubwa la kwanza kwa kuwa mji mwingine haukuaminika kuwapokea watu wa rangi zote. India ilishiriki michezo hiyo kwa mara ya kwanza, na Rashid Anwar akairudishia nishani ya shaba katika mieleka. Tusiipambe kupita kiasi Uingereza ya siku hizo, maana waraka wa 1923 ulikuwa bado unatawala kule Kenya. Kenya na Uganda zenyewe hazikupeleka timu katika michezo hiyo hadi mwaka 1954, ilipofanyika Vancouver.

Kazi ya mhandisi

Ujenzi ulimalizika kwa muda wa miezi tisa hivi, na ukumbi ukafunguliwa Julai 1934 ukiitwa Empire Pool, yaani Bwawa la Himaya. Aliyeubuni ni mhandisi Owen Williams. Alitaka watazamaji wote walione bwawa pasipo nguzo hata moja kuwazuia, na bwawa lenyewe lilikuwa na urefu wa futi 200 na upana wa futi 60. Paa lililohitajika lilipaswa kuruka upana wa mita zipatazo 72, jambo kubwa mno kwa zege la nondo la wakati huo.

Jibu lake ndilo linaloonekana hadi leo. Fremu kubwa za zege zinainuka kutoka pande mbili na kukutana katikati ya paa. Ncha zake za nje zimefanywa nzito, zikachomoza nje ya kuta ili kusawazisha uzito wa paa, kama vile mwenye mzega anavyosawazisha mizigo miwili begani. Mbavu ambazo mgeni hudhani ni mapambo ndizo zinazolishikilia jengo. Mwaka 1976 jengo hili liliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria.

Mwaka wa uhuru na baada yake

Mwaka 1948 Michezo ya Olimpiki ilirejea baada ya vita kuu. Katika bwawa la Wembley yalifanyika mashindano ya kuogelea, kupiga mbizi na polo ya majini, na fainali za ngumi zikapiganwa ulingoni juu ya bwawa hilohilo. India, ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru michezo ilipoanza, ilileta timu ya polo ya majini. Kilichokumbukwa zaidi, hata hivyo, kilitokea katika uwanja mkubwa ulio jirani. Tarehe 12 Agosti 1948 timu ya India ya mpira wa magongo iliifunga Uingereza mabao 4 kwa 0 katika fainali, ikapata dhahabu ya kwanza chini ya bendera yake yenyewe.

Baada ya Olimpiki hiyo bwawa halikutumika tena kwa kuogelea. Lilifunikwa, na jumba likawa la magongo ya barafuni, tenisi, ngumi, maonyesho ya farasi na muziki. Jina la Bwawa la Himaya likabaki juu ya jengo lisilo na bwawa, katika nchi ambayo himaya yake ilikuwa ikipukutika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1978 ndipo jina likabadilishwa rasmi kuwa Wembley Arena.

Wageni wanakuwa wenyeji

Kufikia wakati huo, mitaa inayouzunguka ukumbi ilikuwa imebadilika. Baada ya uhuru wa nchi zetu, Wahindi wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuhamia huko. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia, ingawa walikuwa raia wake. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wa Uganda wenye uraia wa Uingereza waondoke, nao wakapewa siku 90. Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza, wengi wakiwa wameacha nyuma nyumba, maduka na kazi ya maisha yao.

Sehemu kubwa ya watu wetu walikaa katika manispaa ya Brent, ambamo Wembley imo, kwani palikuwa na viwanda na usafiri wa treni. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilishika mapema. Walifanya kazi za zamu viwandani, wakafungua maduka ya magazeti na dawa, na kulipokuwa na dhuluma walisimama. Jayaben Desai, aliyefika Uingereza akitokea Tanzania, aliongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, mumo humo Brent, kuanzia mwaka 1976 hadi 1978. Mgomo haukushinda, lakini ulileta maelfu ya wafanyakazi wa Kiingereza mitaani kuwaunga mkono akina mama waliovaa sari.

Machi 1980

Pamoja na mizigo yao, wahamiaji walikuwa wamebeba raketi. Badminton ni mchezo uliolelewa katika kumbi za jumuiya zetu tangu Mombasa hadi Kampala: ukumbi uleule wa harusi jioni hii, kesho hutandikiwa wavu. Na huko Wembley walikuta jambo la furaha. Tangu mwaka 1957 mashindano ya All England, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa ndiyo ubingwa wa dunia wa badminton, yalikuwa yakifanyika katika ukumbi huo kila mwaka. Hapo ndipo Rudy Hartono wa Indonesia alipotwaa ubingwa mara 8.

Tarehe 23 Machi 1980 aliingia fainali kijana wa Bangalore, Prakash Padukone. Mchezo alijifunzia katika ukumbi wa jumuiya uliotumika pia kwa harusi, na siku zenye arusi hapakuwa na mazoezi. Mpinzani wake alikuwa Liem Swie King wa Indonesia, bingwa wa miaka miwili mfululizo, aliyesifika kwa kuruka na kupiga vinyoya kwa nguvu za kutisha. Padukone hakushindana naye kwa nguvu. Alipunguza mwendo wa mchezo, akakidondosha kinyoya karibu na wavu, akakipeleka nyuma, akamkimbiza King kila pembe hadi akampotezea mdundo wake. Akashinda kwa 15–3 na 15–10. Alikuwa Mhindi wa kwanza kutwaa ubingwa huo.

Faida ya ushindi huo haikuwa kombe pekee. Watoto waliodharauliwa shuleni kwa rangi na lafudhi yao walipata jina la kutaja. Mtu aliyefanana na baba zao alikuwa ameshinda kwa utulivu na akili, umbali wa mwendo wa miguu kutoka majumbani mwao.

Mawe na zege

All England ilihama Wembley baada ya mwaka 1993. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Agosti 1995, Pramukh Swami Maharaj alilizindua Neasden, si mbali na ukumbi, hekalu la Swaminarayan. Vipande 26,300 vya mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia vilichongwa India, kisha vikasafirishwa na kuunganishwa huko. Watoto walichangia kwa kuokota makopo matupu ya soda na kuyauza. Manispaa moja ikawa na majengo mawili ya ajabu: moja ambalo nguvu yake ni nondo na zege, na lingine la mawe yaliyobebana yenyewe.

Ukumbi nao ulikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2006, lango kuu likahamishiwa upande wa mashariki, ukiwa na nafasi ya watu 12,500. Tangu mwaka 2014 umekuwa ukibeba majina ya makampuni ya nishati. Waimbaji na waigizaji wa India hujaza viti vyake, na tumefika hatua ya kugombana humo kama nyumbani: Julai 2017 baadhi ya wapenzi wa A. R. Rahman walilalamika kwamba alikuwa ameimba nyimbo nyingi mno za Kitamil kuliko za Kihindi.

Mwaka 2012 Olimpiki ilirudi London, na badminton ikarudi Wembley. Miongoni mwa wachezaji alikuwamo Edwin Ekiring, Mwafrika wa Uganda, akiiwakilisha nchi yake katika mchezo ambao huku kwetu ulianza kama mchezo wa wachache. Tarehe 4 Agosti Saina Nehwal wa India alipata nishani ya shaba baada ya Wang Xin wa China kuumia goti na kushindwa kuendelea. Ilikuwa ni miaka 40 kamili, bila kupungua wala kuzidi siku, tangu tangazo la Idi Amin.

Majengo hayana dini wala kabila. Aliyejenga Bwawa la Himaya hakuwafikiria watu wetu, wala watu wetu hawakuuomba ukumbi huo. Waliufikia kwa njia ndefu, wakaukuta mlango u wazi, wakaingia na kuketi pamoja na wengine. Mandir yetu inapoadhimisha miaka yake, historia hii inatukumbusha wajibu ulio karibu zaidi. Nasi tunazo kumbi, tunazo nyavu na raketi, na tunao majirani ambao watoto wao wanapenda michezo. Kizazi kijacho kitatuhukumu kwa jambo hili: kwamba milango yetu tuliifungua kwa upana gani, na akina nani walicheza ndani.