Utani pembeni: kanuni ya uigizaji ambayo Nachingwea haikuisubiri kompyuta

Ukifika msibani Nachingwea au Ruangwa, na wafiwa wana watani, usikimbie. Kuna mtu atavaa shati la marehemu. Ataiga mwendo wake, atakohoa kama alivyokuwa akikohoa, atawauliza wajane chakula chake kiko wapi. Mwingine anaweza kuingia kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Na wafiwa, ambao macho yao bado mekundu, watacheka.

Sasa jiulize: wamejuaje kwamba yule hawatukani? Maneno yenyewe, ukiyaandika kwenye karatasi, ni matusi kabisa.

Swali hili linawasumbua pia watu wa mbali na wa kizazi kingine. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika mchezo wa kompyuta uitwao MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja, ni maandishi matupu. Unaingia, unajipa jina, unaandika unachofanya, na mwenzako anakujibu. Katika michezo ya aina hiyo iliyofuata, watu walianza kuigiza wahusika hasa: mfalme, mwizi, mchawi. Tatizo likajitokeza upesi. Mhusika wangu akimtukana mhusika wako, je, mimi nimekutukana wewe? Wachezaji wakabuni alama. Ukitaka kusema kitu kama wewe mwenyewe, nje ya uhusika, unakiweka ndani ya mabano mawili. Ni alama ndogo tu, lakini imeokoa urafiki mwingi.

Huku kwetu alama hiyo ipo siku nyingi, na ni ya mdomo: "Utani pembeni." Mtu anakutania weee, kisha anasema hayo maneno mawili, sura inabadilika, na kinachofuata ni cha kweli. "Utani pembeni, mtoto anaendeleaje?" Hapo sasa anaongea jirani yako. Mtani kaondoka.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kitaalamu juu ya utani wa Tanganyika alikuwa, amini usiamini, mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau alifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na kuna kindege cha huko kinachobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1944 alichapisha makala katika jarida la Africa kuhusu makabila yanayotaniana. Maelezo yake yaliegemea vita: waliopigana zamani, walipopatana, wakageuza uadui kuwa mzaha. Kwa kusini maelezo hayo yana mashiko. Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walivamia sana nchi hii, na mwaka 1882 waliishambulia hata misheni ya Masasi, jirani kabisa na Nachingwea. Leo Mngoni akifika kusini hakosi wa kumkumbusha ujambazi wa babu zake, naye atajibu kwamba babu zako walijua sana kukimbia.

Lakini mimi vita haviniridhishi peke yake. Mbona babu anamtania mjukuu na kumwita mke wangu? Mbona binamu wanataniana? Hao walipigana lini? A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940, katika jarida hilohilo, kwamba utani ni ukosefu wa heshima ulioruhusiwa: mmoja ana ruhusa ya kukejeli, na mwingine anatakiwa asikasirike. Unawafaa watu waliofungamana huku wametengana, yaani si wageni kabisa na si ndugu wa tumbo moja. Nadhani hapo ndipo penyewe. Vita vilipoisha, watu walichukua adabu waliyokuwa nayo nyumbani tayari, wakawavika waliokuwa adui zao.

Na adabu yenyewe ni kali kuliko inavyoonekana. Mkwe hataniwi, hata siku moja. Mtani anayechukua kitu chako hachukui kila kitu. Kubwa zaidi, mwenye ruhusa ya kutukana ndiye mwenye kazi. Yule aliyelala kaburini mara nyingi ndiye huyohuyo anayeshika jembe, anayehangaika na maji na kuni, anayemnyamazisha mjane aliyezidiwa na kilio. Ruhusa inalipiwa kwa jasho. Anayetaka kejeli bila kazi si mtani, ni mtovu wa adabu tu, na watu watamwambia.

Adabu hii inahamishika pia. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walipoleta mradi wa karanga Nachingwea, pori lilikatwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na vibarua wakaja. Mradi ulianguka vibaya. Mwaka 1951 serikali ya London ilitangaza kuachana nao. Mji ukabaki, na watu wake: Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wangindo na wengine. Mahali kama hapo ukimkuta mtani wako, umeshapata ndugu wa kuanzia. J. Clyde Mitchell aliona jambo linalofanana kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, akaliandika mwaka 1956: Wabemba na Wangoni, waliokuwa maadui, mjini wakawa watani. (Simba na Yanga nao tunawaita watani wa jadi, ingawa sijawahi kumwona shabiki wa Yanga akichimba kaburi kwa sababu hiyo.)

Tatizo la leo ni simu. Utani ulitegemea sauti, jicho, na watu waliozunguka wanaojua nani ni nani kwa nani. Ujumbe wa maandishi hauna hayo. Tena unasafiri: anaupiga picha mtu, anamtumia shemeji yake wa Mwanza, ambaye hajui kwamba mwandishi na mwandikiwa wana ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Angalia neno "nia". Msibani nia ilisomwa na kijiji kizima, hapohapo, usoni mwa mtu. Kwenye simu imebaki maandishi tu.

Ndiyo maana watu wazima wengi wakiandika mzaha huanza na neno moja: "Mtani." Halafu ndipo matusi yanafuata. Wengi tunadhani ni salamu tu. Kumbe ndiyo mabano yenyewe, na anayetaka kuwagombanisha anachohitaji ni kuikata picha ya ujumbe chini kidogo ya neno hilo.