Bomba Lililozaliwa na Vikwazo

Ukisimama Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, utahesabu malori ya mafuta mpaka uchoke. Mengi yanaelekea Tunduma, yavuke kwenda Zambia. Ila kwenye ukanda huuhuu wa nyanda za juu kuna mafuta mengine yanayopita kimyakimya chini ya ardhi tangu 1968. Hilo ni bomba la TAZAMA.

Tukisimulia historia ya mafuta, huwa tunaanza na uchimbaji. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima huko Titusville, Pennsylvania, Marekani, akayapata mafuta kwenye kina cha kama mita 21. Magari hayakuwepo bado. Watu walitaka mafuta ya taa. Lakini kuyatoa ardhini ni nusu ya kazi. Yanamfikiaje mnunuzi? Yalijazwa kwenye mapipa ya mbao, yakakokotwa na farasi kwenye tope, na wenye mikokoteni walitoza walivyotaka. Mwaka 1865 Samuel Van Syckel akalaza bomba la kama kilomita 8. Wenye mikokoteni wakakasirika na kulihujumu. Walijua vizuri sana: anayeshika njia ndiye anayeshika bei.

Miaka 100 baadaye, somo hilohilo likatua kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa Rhodesia, yaani uhuru wa walowezi wachache. Mwezi Desemba Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta. Aliyeumia haraka ni Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru. Mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia kwa reli, na sasa njia hiyo ikafungwa.

Ikabidi mafuta yapande ndege. Waingereza wakarusha mapipa kutoka Dar es Salaam, Wakanada na Wamarekani wakarusha kutoka Kongo. Hebu fikiria: unasafirisha mafuta kwa chombo ambacho chenyewe kinakunywa mafuta! Malori nayo yakaingia kwenye barabara ndefu ya kutoka Dar kwenda Zambia, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi, na masika yakifika ni utelezi mtupu. Ajali zikawa nyingi mpaka barabara ikabatizwa jina la Njia ya Jehanamu.

Basi Zambia na Tanzania zikaamua kujenga bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Zambia ikachukua theluthi mbili ya hisa, Tanzania theluthi moja. Waitaliano wa kundi la ENI wakalijenga, na Septemba 1968 likaanza kazi.

Ugumu wake unaonekana ukipiga hesabu. Dar iko usawa wa bahari, Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu. Dizeli ina uzito wa kama kilo 830 kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa mvutano wa dunia na kwa kimo hicho: unapata kama bar 130, wakati tairi la gari dogo lina kama bar 2. Na hapo hatujahesabu msuguano ndani ya bomba. Pampu moja pale Dar ingebanwa mno, ndiyo maana kuna vituo vya pampu njiani, kila kimoja kikipokea mafuta na kuyasukuma mbele.

Mwanzoni bomba lilibeba mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kiwanda cha Indeni kilipofunguliwa Ndola mwaka 1973, likahamia mafuta ghafi. Tangu 2023 linabeba dizeli, yaani limerudi lilikoanzia.

Leo macho yako kwenye bomba lingine, la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta mwaka 2006, lakini haina bahari. Kwa hiyo siku ukisikia nchi fulani imegundua mafuta, usiulize tu ni mapipa mangapi. Uliza pia: yatapita wapi, na nani anaweza kuifunga hiyo njia? Zambia ililijibu swali hilo mafuta yakiwa yamekwisha kukatwa.